Cherehani ya Mama Monika

Jumamosi, 7 Juni 2025
Kikao cha washairi, kibanda cha ushonaji cha Mama Monika. Baridi kali. Nimesoma beti kumi na mbili juu ya Alfajiri, vina na mizani sawasawa. Cherehani haikusimama hata kidogo! Kisha Vitus, fundi baiskeli, akasoma beti tatu juu ya mkewe anayepepeta ulezi. Mama Monika akaondoa miguu kwenye pedali. Wote tunajua maana yake: shairi limemgusa. Limenichoma, sikatai. Wiki ijayo tunachagua atakayesoma kwenye jubilei ya parokia. Lazima niwe mimi.

Jumatano, 11 Juni
Nimepita kumchunguza Mama Monika. Nikamuuliza anapenda mashairi gani. Akasema mashairi hayajui, anapenda tu kumsikia mtu akisema jambo lake. Jibu lisilo na msaada. Ila nimeutazama vizuri mkanda wa cherehani. Umechakaa.

Jumamosi, 14 Juni
Nimewahi. Mama Monika alipotoka kuchukua mkaa, nikaulegeza mkanda. Hesabu yangu: uchomoke kwenye ubeti wangu wa nne, cherehani isimame. Umechomoka Vitus akitoa salamu! Watu wakacheka, wakasema huyu hata shikamoo yake ni shairi. Mkanda haukurudi. Ikabidi nisome bila ile kelele, na kwa mara ya kwanza nikajisikia mwenyewe, ubeti baada ya ubeti. Shairi ni refu mno. Wamemchagua Vitus.

Jumatatu, 16 Juni
Vitus anaweza kupata mafua. Nimempelekea Mama Monika gauni la kumpunguzia binti yangu Edith, nijiweke karibu. Akashona huku akiuliza lilikuwa la nani. Nikamwambia ni la marehemu mama. Alilivaa kila Jumapili akitembea kutoka Milepa kwenda kanisani, viatu mkononi, akivivaa mlangoni. Alipougua aliniomba nimsomee shairi moja. Nikasema bado nalisahihisha. Alifariki nikiwa nahesabu mizani.

Cherehani ikasimama. Mama Monika akafuta macho, akaniambia, Baba Edith, hilo ndilo ungetusomea.

Mkosi gani huu! Imesimama, na mimi daftari nimeliacha nyumbani. Nimelikimbilia, nikarudi nahema, nikamsomea Alfajiri yote. Nimeiongeza, sasa ina beti kumi na nane. Kufika ubeti wa pili alikuwa anashona tena.