Ndege Isiyoonekana ya Mwezi wa Saba

Jumatatu, 14 Julai

Nimeangushwa tena! Na nani? Mutisya wa Kiuu, yule yule. Juzi alinitokea nyuma, akanitoboa tangi la mafuta, kisha akaniuliza kama nitamaliza mandazi yangu. Leo kutwa kiwandani namsikia akicheka kichwani mwangu, katikati ya mashine za biskuti.

Sisi ni klabu ya marubani wa mezani. Tunapigana vita vya zile ndege za kwanza kabisa, za mbao na kitambaa, kwenye meza ya nyuma katika hoteli ya Khamisa hapa Kamenu, Thika. Kila rubani anaficha kadi ya njia yake, kadi zinafunuliwa pamoja, ndege zinasogezwa, aliye karibu na adui anarusha kete. Ukiangushwa mara tatu kwa mwaka, hurushi tena mpaka Krismasi ipite. Unavaa aproni ya Khamisa na kuwamiminia wenzako chai. Mimi nishaanguka mara mbili. Jumamosi ni mimi na Mutisya tena. Nimmiminie Mutisya chai? Mimi, Ronny Barasa? Afadhali nirudi Bungoma kwa miguu!

Jumanne, 15 Julai

Dawa imepatikana! Nilikuwa nasoma kwenye simu wakati wa lanchi. Kumbe zamani Wajerumani walijaribu kufunika ndege zao kwa plastiki angavu badala ya kitambaa. Ukiwa chini ukitazama juu, huoni kitu ila mifupa ya ndege na rubani mwenyewe. Haki, watu walikuwa na akili! Niliishia hapo kwa sababu kengele ililia.

Jioni nikampigia Dianah, refa wetu. Ni mwalimu wa historia, hacheki ovyo. Nikamwambia nataka kurusha ndege ya namna hiyo, na adui lazima apate sita kwanza ndipo aruhusiwe kunipiga. Akasema atasoma. Akasoma mpaka mwisho, walimu ndivyo walivyo. Akarudi na masharti. Mawingu yakitanda, sawa, adui atafute sita. Mvua ikinyesha, plastiki inalegea, ndege inajikokota. Jua likiwaka, plastiki inametameta, adui anaruka sharti la sita na kunirushia kete mbili badala ya moja. Nikamwambia hata angepewa tatu. Nilicheka mpaka simu ikaniponyoka.

Hali ya hewa ya mezani kwetu ni ile ya dirishani. Ni sheria ya klabu, mimi mwenyewe niliipendekeza mwaka jana tulipochoka kugombana. Na huu ni mwezi wa saba! Nani ameona jua Thika mwezi wa saba? Watu wanalala na majaketi.

Alhamisi, 17 Julai

Mifupa tayari, vijiti vya kuchokoa meno na gundi. Shida ni plastiki. Dukani wameniambia kava za vitabu hujaa Januari shule zikifunguliwa, sasa zimeisha. Basi nikaenda kumjulia hali dada yangu Naliaka. Nikamjulia hali mpaka alipoingia jikoni, nikavua kava ya kitabu cha hesabu cha binti yake Mitchell. Nimeazima tu. Mtoto wa gredi ya nne kava ni ya nini? Yeye haendi vitani.

Stika ya jina imegoma kutoka. Nimekwangua kwa wembe, nimepaka mafuta taa. Wapi! Bawa la kushoto linasema Mitchell, Hesabu. Ndege haionekani, isipokuwa hapo.

Ijumaa, 18 Julai

Abdulkarim, mwenzangu wa zamu, ameniambia baridi inaelekea kuachia. Eti jana nguo zake zilikauka kufikia saa tisa. Nikamuuliza kwa nini ananiombea mabaya. Akasema yeye anaongea juu ya nguo.

Nikampigia Dianah mbio. Nikasema nina kamati ya harusi mchana, mechi isogezwe kutoka saa nane hadi saa nne asubuhi. Harusi ya nani, akauliza. Nikasema ya watu. Mutisya alikubali hapo hapo, bila swali. Mbona haraka hivyo? Sijalipenda jambo hilo hata kidogo.

Naliaka amepiga simu mara nyingi. Atakuwa anasalimia. Sijashika.

Jumamosi, 19 Julai

Saa nne kamili nilikuwa mezani. Mawingu mazito, mazuri, kama blanketi. Mutisya hayupo! Akaingia saa tano na nusu, eti jamu barabarani. Akaagiza chai. Akaagiza nyingine. Akaomba supu, akamsalimia kila mtu hadi jikoni. Kumbe ndiyo maana alikubali haraka. Mimi jicho dirishani, jasho mgongoni, na baridi yote ile.

Mwishowe tukaanza. Mutisya akaniuliza kama rubani wangu ameshafanya homuweki. Watu wakacheka. Akatafuta sita, akapata tatu. Haoni! Nikampiga. Akatafuta tena, akapata moja. Haoni! Nikampiga tena. Ndege yake imebaki na pigo moja tu, iko mbele ya pua yangu. Kadi moja ya kwenda mbele, na aproni inamwendea yeye. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Lakini kumpiga usoni, nani atalisimulia? Nikataka nimzunguke, nimtokee nyuma vile alivyonitokea mimi, kisha nimuulize kuhusu supu yake. Nikairudisha kadi ya mbele. Nikaweka ya kukata kona.

Ndege ilipokuwa kwenye kona, meza ikaanza kuwa na joto.

Nikainuka haraka, nikanyoosha mikono dirishani, nikasema mgongo unauma. Dianah akaniambia niketi. Nikasema ni ugonjwa wa familia. Akasema keti, Ronny. Nikaketi. Jua likamwagika juu ya meza yote na ndege yangu ikawaka kama sufuria mpya. Mpaka Khamisa akafunika macho. Mutisya akachukua kete mbili, akazipuliza polepole.

Sita na sita: ndege chini, mara ya tatu.

Khamisa tayari alikuwa na aproni mkononi. Ina maua. Mutisya aliomba chai isiyo na sukari, halafu akasema ameghairi, nitie sukari.

Jumapili, 20 Julai

Naliaka alinipata nje ya kanisa. Mitchell aliulizwa darasani kava iko wapi, akalia. Nimekula matusi ya Kibukusu mbele ya mchungaji. Kisha Naliaka akanifuata hadi nyumbani, akaibandua plastiki yote, nimebaki na vijiti.

Sijakata tamaa. Nimelifikiria jambo hili kwa makini na nimeona kosa. Ndege ilikuwa ndogo mno! Nikimaliza aproni nitajenga kubwa, ya injini nne, angavu kuanzia pua hadi mkia. Nimeshampigia Dianah, nimeomba marudiano Jumamosi ya kwanza ya Januari. Ameuliza kama nina hakika. Nina hakika kabisa! Kava zitakuwa zimejaa madukani, na Januari Thika hakuna mvua ya kuilegeza plastiki. Hata wingu hulioni.

Mutisya amekubali. Haraka sana.