Kilo Themanini za Maranda

Jumatatu, 6 Julai

Mvua tangu alfajiri. Uani matope. Wateja watatu tu wa mazoezi: Kinyozi, Baunsa wa baa ya kona, na shemeji yangu. Shemeji halipi. Analala sebuleni kwangu tangu kiwanda chao kilipofungwa, na miguu yake inafika hadi kwenye jiko.

Nimeandika kanuni mpya ukutani kwa mkaa: MWILI HUUFUATA MOYO. Kinyozi akauliza, na moyo je, unafuata nini? Nikamwambia apige pushapu.

Sasa ukweli. Makopo yangu ya rangi, ndiyo vyuma vyao vya kunyanyua, yamejaa maranda ya seremala. Saruji ni kifuniko tu juu, unene wa kipande cha mkate. Kila Jumatatu nafuta namba, naandika kubwa zaidi. Kopo ni lile lile! Mtu halipii jasho, analipia kujiona dume. Leo wamefika kilo themanini. Baunsa kabusu misuli yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Jumanne, 7 Julai

Mke wangu kaja na habari. Ghala la saruji linatafuta wapakiaji. Majaribio Jumamosi: mfuko wa kilo hamsini begani, unapanda nao ubao mpaka juu ya lori. Shemeji keshajiandikisha. Anasema hamsini kwake ni kunywa maji, si ananyanyua themanini? Anacheka peke yake.

Usiku mke wangu akanieleza kwa upole. Kaka yake akipata hii kazi atawachukua wanawe wawili kwa bibi yao. Hajakaa nao tangu mama yao alipofariki. Akasema asante mume wangu, angalau safari hii umemfaa mtu.

Miaka yote ya ndoa, asante ya kwanza. Na ndiyo hii! 

Jumatano, 8 Julai

Akili nyingi huondoa maarifa, lakini mimi nina akili ya kiasi. Nimeamka kabla ya jogoo, nimebandua vifuniko, nimemwaga maranda, nimejaza mchanga mbichi. Shemeji apate nguvu za kweli kwa siku tatu. Haba na haba hujaza kibaba, ila muda hakuna, nimejaza kibaba kwa mpigo.

Maafa! Baunsa alishika, kopo likakaa kimya kama mkwe aliyenuna. Akajaribu tena. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama upo ugonjwa wa kuishiwa nguvu usiku mmoja. Kinyozi akasema hii si bure, kuna mtu kamroga, anakitaka kiti chake cha kunyolea pale dirishani. Shemeji naye akavuta mpaka akatetemeka. Akakaa kwenye matope, anaitazama mikono yake kama ya kuazima.

Nikawaambia ni hali ya hewa. Baridi huongeza uzito wa chuma. Wakakubali!

Jioni nimerudisha maranda. Ningefanyaje? Wawili wale wanaolipa wangekimbia. Na shemeji akivunjika moyo, ndiyo basi tena.

Ijumaa, 10 Julai

Nilikata shauri kumwambia. Wallahi nilikata shauri. Nikamkuta anapiga pasi shati lake la pekee. Keshampigia simu bibi wa watoto: Jumapili baba anakuja, wafungashe. Mdogo alitaka kujua kama kwa shangazi kuna paka.

Nikafungua mdomo. Nikamwambia kanuni ya nne: vuta pumzi kwa pua.

Jumamosi, 11 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Mnyapara wa ghala alimwita. Shemeji akavua shati, akalikunja vizuri, akanipa nilishike. Akanikonyeza. Wakamtwika mfuko. Hatua tatu, nne. Mguu ukagusa ubao. Magoti yakajikunja kama kiti cha kukunja, mfuko ukamwangukia mgongoni. Vumbi. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

Nikakimbia kumwinua. Mimi, kocha! Nikamshika kwapani, nikavuta. Hakusogea hata shibiri. Wapakiaji wawili wakanisukuma pembeni, wakambeba kama mtoto.

Mnyapara akauliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani.

Zahanati wamesema uti wa mgongo umeumia. Alale chali mpaka watakapomwambia. Mizigo asahau.

Bibi wa watoto kapigiwa simu. Wafungue mabegi.

Jumapili, 12 Julai

Mke wangu hasemi na mimi. Anasema na sufuria, na sufuria zinamjibu.

Shemeji akaniita pale mkekani. Nikajua leo ni leo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia sebuleni kwangu mwenyewe. Nikapiga magoti karibu naye.

Akaniomba radhi! Akasema, nisamehe shemeji, nimekuaibisha mbele za watu. Wewe umenifundisha vizuri, ni mimi moyo ulinikimbia.

Nikatazama dari. Dari linavuja. Palikuwa na nafasi ya kusema, pana kama mlango wa ghala.

Nikamwambia nimemsamehe.

Jumatatu, 13 Julai

Asubuhi shemeji kaomba kopo, mikono isilale. Nikampa moja dogo, limeandikwa ishirini. Amelala chali, kalinyanyua kwa mkono mmoja, mara ya pili, mara ya tatu. Akatabasamu. Tabasamu la kwanza tangu Jumamosi! Akamwambia dada yake, unaona? Nguvu zinarudi. Labda mwezi ujao watoto waje.

Mke wangu akageukia ukuta. Mimi nikatoka nje, nafuta macho. Moshi wa jiko huo.

Nikasimama uani kwenye manyunyu. Nikawaza. Tabasamu lile si mchezo. Na mji mzima huu, wenye migongo mibovu ni wangapi?

Nimefuta ukuta, nimeandika upya: MAZOEZI YA WAGONJWA. MWILI HUUFUATA MOYO. Kisha nikapita kwa seremala. Aniwekee magunia mawili ya maranda, makavu, yale mepesi kabisa.