Ng'ombe Wote Miguu Juu

Leo nimeaibika, wanangu wa hili kundi. Si ile aibu ya kuteleza kwenye tope ukainuka. Kijiji kizima kimenishuhudia, pamoja na watu ambao hata siwafahamu.

Mnajua niko nyumbani likizo, huku Migato. Mnajua pia nilikuja na jambo moja tu moyoni: kumwomba baba aniruhusu niache masomo ya mifugo chuoni nihamie fizikia, nisome nyota. (Ninyi ndio mliniambia nikamwambie uso kwa uso. Asanteni sana.) Baba ndiye anayenisomesha, kwa pamba na kwa ng'ombe. Bila neno lake siendi popote.

Sasa nikajiongeza. Nikasema mzee akiona kwa macho yake atalainika. Nikaenda Bariadi mjini, nikanunua bomba la plastiki na miwani ya mitumba ya kusomea, nikaing'oa kioo kimoja nikakiweka mbele. Upande wa jicho nikaweka kioo cha kukuzia. Darubini hiyo! Jana nimeangalia mwezi, makorongo yake yote nayaona. Nyota nazo nyingi hadi nikacheka peke yangu.

Leo saa kumi jioni baba amekaa uani na mama. Nikaanza kuwaandaa kwa maneno.

"Baba, nyota kubwa ikifa inajikunja ndani yake yenyewe. Linabaki shimo jeusi. Likivuta kitu, hakitoki tena, hata mwanga."

"Linameza na majirani zake?"

"Wakilisogelea sana, ndiyo."

"Lina roho mbaya gete, mbaya kweli," baba akasema. "Na wewe hilo ndilo unataka kulisomea?"

Mama akaguna. Nikaona mzee ananiponyoka. Nikamwambia asubiri giza liingie nimwonyeshe. Akakataa. "Kama hicho kifaa chako kinaona nyota, hakitashindwa ng'ombe. Niangalizie ng'ombe wangu."

Ng'ombe wetu walikuwa mbugani, ng'ambo ya mto, kaka yangu Maduhu anawachunga. Kwa macho matupu ni vidoa tu. Na kiangazi hiki ardhi na anga vyote rangi ya vumbi. Nikaegemeza bomba kwenye nguzo ya zizi, nikalilenga kwenye vile vidoa bila kuchungulia, nikampisha mzee.

Akachungulia. Akaondoa jicho, akalifuta kwa shati, akarudi.

"Mama Maduhu," akasema taratibu, "ng'ombe wamekufa."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wetu. Wote. Miguu juu."

Nikadhani ananitania. Nikachungulia mwenyewe. Jamani! Miguu juu, pembe chini, kundi zima! Mmoja miguu inachezacheza.

"Huyu bado anakata roho!" nikapiga kelele. (Mimi. Mwanafunzi wa mifugo, mwaka wa pili.)

"Na Maduhu je? Mwanangu?" Mama akasimama.

Nikamtafuta kaka. Nikamwona. Amesimama kwa kichwa.

Hapo akili yangu ikagoma kabisa. Ng'ombe kufa naelewa. Lakini mtu mzima, ana mke na watoto, asimame kwa kichwa mbugani ili iweje? Nikamwambia mama nilichokiona: "Yuko hai. Ila yuko kichwa chini."

"Uchungu umempanda kichwani," baba akasema, na machozi yakamlenga. "Ng'ombe wote, ng'wana wane, mwanangu! Hilo shimo lako limefika Migato!"

Akatoka mbele ya nyumba akapiga mwano. Kwa msioujua, mwano ni ukelele wa hatari. Ukiusikia unaacha tonge unakimbia. Nyumba ya pili ikaupokea, ya tatu ikaupokea, mara sungusungu hao, walinzi wa kijiji, na pinde na mishale. Nyuma yao wakaja wenye visu na sufuria, maana msiba wa ng'ombe nao una nyama.

Nikaona hapa ndipo elimu yangu inapotakiwa. Nikapanda kichuguu. "Ni kimeta! Hakuna kingine kinachoua ghafla hivi! Asiguse mtu! Asichune mtu!" Watu wakanitazama kwa heshima. Ile heshima, wanangu, ilikuwa tamu. Sikuwahi kuipata kabla na sidhani kama nitaipata tena.

Tukakimbia. Mimi mbele, darubini begani. Tukavuka mto (mchanga mtupu), tukapanda ukingo.

Ng'ombe wanakula majani. Miguu chini. Kaka Maduhu amesimama kwa miguu yake miwili, anatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alipoona pinde akadhani sisi ni wezi wa mifugo, akainua fimbo peke yake dhidi ya kijiji kizima.

Kamanda wa sungusungu akageuka. "Nani amesema kimeta?"

Wote wakaninyooshea kidole. Hadi mama!

Nikainua darubini, nikaielekeza nyumbani kwetu kule mbali. Paa chini, ukuta juu. Mama yangu mzazi! Darubini ya vioo viwili namna hii inapindua picha. Jana sikujua, kwa sababu mwezi ni duara. Ukiupindua nani atajua?

Nikajaribu kujitetea. "Kamanda, angani hakuna juu wala chini. Kwenye nyota hiki kifaa hakina shida."

"Hawa ng'ombe wako angani?"

"Hapana."

"Haya."

Mama mmoja mwenye sufuria akasonya. "Na mimi maji nyumbani nimeshabandika."

Baba akatozwa mbuzi kwa kupiga mwano wa uongo, na mbuzi akaliwa palepale, sufuria zikapata kazi. Nilikaa pembeni. Nikajua habari ya fizikia imezikwa, na mimi nitazeeka nikichoma sindano ng'ombe ambao hata wakisimama siwatambui.

Baba akafuta mdomo, akasimama mbele ya watu.

"Ndugu zangu, kijana wangu huyu ameniomba aache mifugo akasome nyota. Moyoni nilikuwa nimekataa. Leo nakubali, na ninyi ni mashahidi. Nyota ziko mbali, hawezi kuzidhuru. Ng'ombe asiwasogelee kabisa."

Wakapiga makofi. Maduhu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Kwa hiyo ndiyo, nimeruhusiwa. Atakayenipongeza namtoa kwenye hili kundi.