Kibali cha Kuvaa Ndala

Hutaamini hii. Kule mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kuna jozi moja ya viatu iliyosajiliwa, ikapewa namba, ikapangiwa majukumu na ikaanza kazi rasmi. Na ilichapa kazi kuliko mtu yeyote kwenye lile jengo. Tulia nikupe mkanda mzima.

Ilianza na tangazo, lenye nembo juu na muhuri chini, likatupwa kwenye magrupu yote ya wafanyabiashara wa Kariakoo asubuhi moja. Ofisi ya Uratibu wa Haiba ya Wafanyabiashara ilikuwa na furaha kuutaarifu umma kwamba, baada ya utafiti wa kina, imebaini wafanyabiashara wana vidole vya miguu, na vinaonekana. Hali hiyo inashusha hadhi ya soko. Baada ya miezi miwili, muuzaji yeyote atakayekutwa dukani na ndala, duka linafungwa. Mwenye sababu ya msingi afike mwenyewe Gerezani kuomba Kibali cha Kuvaa Ndala.

Hashil alilisoma akiwa katikati ya mapazia anayouza mtaa wa Msimbazi, mguu mmoja juu ya kiti, anapepea vidole kwa kipande cha boksi.

Jamaa alikuwa na fangasi. Na si ile ya kusema inawasha kidogo, unajikuna, maisha yanaendelea. Hii ilikuwa imehamia, imepanga chumba na imeita ndugu zake. Alijaribu siki. Akajaribu chumvi. Jirani yake muuza spea akamshauri mafuta ya breki, akapaka, akashinda anaruka kama anacheza ngoma ya peke yake. Mwisho akaenda Ilala kwa Dokta Amna, mama ambaye hacheki hovyo. Akapewa tyubu ya dawa: akaushe vizuri katikati ya vidole, apake asubuhi na jioni, na hata ikipona aendelee wiki mbili. Halafu yule mama akamkazia macho.

"Kiatu cha kufunika marufuku mpaka nikwambie mimi. Ndala tu. Umenielewa, baba?"

Alielewa vizuri. Shida ni kwamba lile duka ndilo linaloweka chakula mezani kwa watu sita, na huku nyuma siku zilikuwa zinahesabika.

Basi akabeba barua ya daktari, akaenda Gerezani na ndala zake. Getini alikuwepo mlinzi anaitwa Pius, mwenye maelekezo ya kazi kwa maandishi: asimwangalie mtu usoni, maana ataona haya, atalegeza. Aangalie miguu tu. Kwa hiyo Pius aliongea na miguu.

"Karibu, ndala. Shida?"

Hashil akaeleza. Pius akasikiliza kwa adabu, macho chini, akamjulisha kwamba kibali cha ndala kinatolewa ghorofa ya pili, na ghorofa ya pili hawaingii na ndala. Hashil akauliza kama anaweza kupanda pekupeku. Pekupeku, kwa mujibu wa waraka, ni ndala ambayo haijafika. Ila ofisi inajali wananchi. Pius akainama, akatoa chini ya benchi Viatu vya Umma Namba 001: vyeusi, vya kamba, saizi arobaini na nne, ndani vina joto kama mtu ametoka sasa hivi. Na kweli alikuwa ametoka sasa hivi. Kila mwombaji anavivaa, anapanda, anashuka, anamwachia mwenzake. Na anayeomba kibali cha ndala ni nani? Mwenye fangasi. Utaratibu mzuri kabisa, haujawahi kupata lalamiko hata moja kwa maandishi.

Juu, karani Paskalina akakagua vidole, akaandika "vipo", akamwambia arudi wiki ijayo.

Wiki ijayo Hashil akajifanya mjanja, akaja na viatu vyake mwenyewe kwenye mfuko. Pius akakataa. Havina namba. Halafu kifungu cha tisa kinasema aliyefika na ndala ataingia kwa Viatu vya Umma peke yake, ili mwenye navyo na asiye navyo wawe sawa. Hashil akavaa. Paskalina akakagua tena, akatikisa kichwa.

"Kaka, fangasi ya kwanza ilikuwa mguu wa kulia. Hii ya kushoto ni mpya. Inataka faili jipya."

Ilipofika faili la nne, Dokta Amna akamuuliza kwa upole, mara ya kwanza kuonekana mpole, anavaa viatu vya nani.

"Vya umma, dokta."

Mama wa watu akaandika tyubu nyingine, akamkataza kukanyaga Gerezani mpaka vidole vikauke.

Huku nyuma, Mratibu Mkuu wa ofisi ile, Bwana Abbasi, aliletewa takwimu. Mafaili yalikuwa yanaongezeka kila wiki. Akahitimisha kwamba wananchi wameipenda huduma. Akaita waandishi wa habari, akavua viatu vyake na soksi zake, akavaa Viatu vya Umma mbele ya kamera na kuzunguka navyo jengo mara tatu, jua la saa saba, akisema viatu hivi ni vyetu sote.

Zikapita wiki mbili. Ikabaki siku moja maduka yaanze kufungwa. Hashil vidole vimekauka safi, ila daktari hajamruhusu viatu, na kibali hana. Akaenda, akakaa kwenye benchi la getini, nyuma yake foleni ya ndala kumi na moja. Anajiuliza kama avivae tena vile viatu au akawaambie nyumbani kuwa duka basi.

Likasimama gari la maana. Zikashuka ndala mpya, za bluu, zenye vidole vyekundu kama vimetoka kwenye rosti.

"Karibu, ndala," Pius akaziambia. "Shida?"

"Wewe, mimi ni Abbasi."

"Sijauliza jina, mzee. Shida?"

Mratibu Mkuu akataka kumtuma dereva nyumbani akamletee viatu. Pius akamsomea kifungu cha tisa, kwa sauti, pamoja na jina la aliyesaini. Akataka muhuri ushushwe, ajigongee kibali pale pale getini. Muhuri uko kwenye droo yake, na waraka unasema haushikwi na mwingine wala hautoki ofisini. Akaviangalia Viatu vya Umma. Akamwangalia Hashil.

"Kijana, wewe nadhani umeshavizoea. Panda ukaniletee."

"Mwananchi haruhusiwi kushika muhuri, mheshimiwa," Hashil akasema taratibu. "Lakini ukipanda mwenyewe, gonga na cha kwangu."

Mheshimiwa akavaa. Alipanda kwa hatua za mtu anayekanyaga mayai. Alishuka na vibali viwili, kimoja chake, kingine cha Hashil, halali kwa mwaka mzima. Duka limepona. Hashil akakikunja, akakitia mfukoni.

Mratibu Mkuu akaanguka kwenye benchi, akavua vile viatu, akaiona tyubu kwenye mfuko wa shati la Hashil. Akasema inawaka, apakwe kidogo tu. Yeye kuinama hawezi, kitambi kinakataa. Hakusubiri jibu. Akanyoosha mguu, akauweka juu ya goti la Hashil, akafumba macho.

Ndala kumi na moja zikasogea karibu, kila moja na simu hewani.

Sasa niambie ukweli wako. Kibali unacho, kimeshagongwa muhuri. Tyubu iko mfukoni, mguu wa mkubwa uko gotini kwako na watu wanarekodi. Wewe ungempaka?