Bega la Verlin Stubblefield

Mji mzima wa Kearney, jimboni Nebraska, Marekani, haukuwa na bega lililosifiwa kama bega la kulia la Verlin Stubblefield, na aliyelisifu alikuwa mmoja tu: mwenye bega. Ndilo lililorusha ule mpira mzito wa mchezo wa boling ukaangusha pini zote, na jumba la mchezo likatikisika mpaka bia zikamwagika. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe.

Siku alipokwenda duka la dawa kuchanjwa mafua, mchanjaji alimwomba mkono anaoutumia kidogo.

"Dada, mimi sina mkono wa akiba. Choma huu huu wa ushindi."

Sindano ikaingia juu mno, karibu na kiungo. Kufika jioni bega likawaka moto, na majira yote ya baridi ya Nebraska yakapita bila kulizima. Verlin hakuweza kuchana nywele wala kuvaa koti. Mkewe, Arlene, akawa anamfunga vifungo kama mtoto wa chekechea.

Kwa wenzake wa timu, hata hivyo, alikuwa na maneno mengine. "Nimepumzika tu, jamani. Nikicheza mimi, nyie mtajifunza lini?"

Arlene ndiye aliyempeleka kwa wakili, Bi. Hruska.

"Serikali ina mfuko wa fidia kwa majeraha kama haya," wakili akaeleza. "Ila lazima tuthibitishe kwamba umeumwa zaidi ya miezi sita. Nani amekuona ukiteseka?"

Verlin hakutaka kumtaja mke. Mwanamume mzima atetewe na mwenye kumvalisha soksi? Akamtaja Doyle, nahodha wa timu yao.

Shauri likasikilizwa kwa video, kila mtu kwao. Doyle alikuwa amevaa tai kwa heshima ya rafiki yake.

"Bwana Doyle," Bi. Hruska akauliza, "hali ya bega lake ikoje?"

"Mheshimiwa jaji, bega lile ni chuma. Majuzi tu ameniambia kalibeba friji kwa mkono huo huo, akapanda nalo ngazi. Hashiriki mashindano kwa kutuonea huruma."

Bi. Hruska akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wakili wa serikali alikuwa akitabasamu.

"Bwana Stubblefield," akasema jaji, "nyanyua mkono wa kulia uape."

Angeweza kuomba kunyanyua wa kushoto. Lakini Doyle alikuwa anatazama. Verlin akabana meno, akausukuma mkono juu. Ukafika kwenye kitovu. Akavuta pumzi, ukafika kwenye mfuko wa shati, ukaanza kutetemeka. Jasho likamtiririka.

"Usiulazimishe, bwana. Wa kushoto unatosha."

"Bado kidogo, mheshimiwa. Unakuja."

Haukuja. Arlene akatokea kwenye skrini, akaushika taratibu na kuushusha mapajani pa mumewe.

"Mwambie, Verlin."

Verlin akatazama meza. "Siwezi kuunyanyua," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu sindano ile siwezi hata kujikuna kichwa. Mke wangu ndiye ananivalisha. Friji sijaligusa."

Wakili wa serikali akaacha kutabasamu. Baadaye fidia ilitolewa, bila ubishi mwingi.

Lakini siku ile ya shauri Doyle, aliyesahau kwamba kipaza sauti chake bado kinasikika, akamgeukia mkewe.

"Unasikia, mama? Na sisi kwenye timu msimu mzima tunaomba asirudi na majigambo yake."