Mkeka Chini ya Godoro la Bibi

Jumatatu, 9 Januari

Shule imekwisha. Kazi hakuna. Nilikwenda dukani kuomba kazi, nikasimama mlangoni karibu nusu saa, mdomo ukagoma kufunguka. Nikanunua kiberiti, nikarudi nyumbani. Kazi wakampa binamu yangu Sieni, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa.

Jana kanisani shemasi alisoma matoleo ya fedha kwa sauti, familia moja baada ya nyingine, kama kila Jumapili. Sieni peke yake, tala hamsini! Mimi na Bibi Malaea tulisomwa mwisho. Tala mbili. Kuna mtu alikohoa. Kisha mchungaji akahubiri juu ya yule tajiri aliyejijengea maghala makubwa akafa kabla hajayafaidi. Nilimtazama Sieni mahubiri yote. Natumaini yalimwingia.

Bibi amezidiwa. Macho yamekwisha, miguu imevimba. Leo amenishika mkono tena, akanikumbusha ule mkeka wake wa heshima ulio chini ya godoro. Aliufuma miaka minne kwa majani ya mkadi aliyoyachana membamba kama uzi. Ni laini kama kitambaa, na ukingoni una manyoya mekundu ya ndege. Amesema akifa afunikwe huo, si mwingine. Nikaapa.

Jumatano, 11 Januari

Chifu wa kijiji cha ng'ambo ya mto amefariki. Mungu amlaze pema.

Nimewaza jambo. Anayepeleka mkeka msibani harudi mikono mitupu. Wafiwa humpa samaki wa kopo, ndoo ya nyama ya chumvi, na bahasha. Na wa Bibi umelala tu pale chini! Nitaupeleka. Nitauza nitakachopata, nitanunua mwingine mzuri zaidi sokoni, nitaurudisha kabla Bibi hajauhitaji. Kitakachobaki nitamtolea Bwana, na shemasi atasoma: Fuatino, tala mia. Hii si tamaa. Ni utumishi.

Shida ni moja. Msibani lazima mtu ahutubie. Nimemwendea Mjomba Pelenato, msemaji wa ukoo. Akasema nimefanya vyema kumtafuta, maana sauti yangu hata kuku haiwatishi. Anataka nusu. Akauliza kama Bibi ameruhusu. Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka safi. Nimejishangaa.

Jumamosi, 14 Januari

Nimefanikiwa! Asubuhi nilimkalisha Bibi kwenye kiti nimwogeshe, nikauchomoa, nikaweka mahali pake mkeka wa kulalia. Haoni. Hatajua.

Msibani ilinibidi niukunjue na kuubeba mbele ya watu wote. Nilijificha nyuma yake, nikatembea kama mlango unaojiendesha. Mjomba akanguruma hotuba yake. Wanawake wazee wakapiga vigelegele, wakasema mikono iliyofuma kitu kama hiki haipo tena siku hizi. Tukapewa masanduku mawili ya samaki, ndoo ya nyama na bahasha nene.

Njiani Mjomba alichukua sanduku moja. Akachukua na ndoo, eti nyama ni dawa ya mgongo wake. Bahasha aliiweka kifuani ili isilowe mvua. Hakukuwa na mvua.

Nikabaki na sanduku moja kichwani. Sieni akaniona kutoka dukani, akapaza sauti: "Eh, shoga! Umefungua duka? Basi niajiri na mimi!" Wanunuzi wote wakacheka. Hata yule aliyekuja kukopa sukari.

Jumapili, 15 Januari

Niliuza makopo yote jana jioni. Nilikusudia kwanza mkeka, toleo baadaye. Lakini kikapu kilipofika kwangu, Sieni alikuwa amekaa mbele yangu na kofia mpya. Mkono ukatoa wenyewe. Shemasi akasoma: Fuatino, tala sitini! Vichwa vikageuka. Nilijiona kama nimeinuliwa juu ya benchi.

Kisha akasoma: Sieni, sitini na tano.

Mchungaji alihubiri juu ya kupenda fedha. Kuna watu hawasikii kabisa.

Jumanne, 17 Januari

Nimekwenda sokoni na tala tano. Nikamwuliza mfumaji mmoja bei ya mkeka wa heshima, kwa sauti ya chini, mara tatu. Alipoitaja nikadhani anataja bei ya ng'ombe. Nikamwonyesha nilichonacho. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema, "Mwanangu, kwa hiyo nitakuuzia tundu lililo kati ya jani na jani." Nikanunua mkate.

Jumatano, 18 Januari

Bibi amelalamika kwamba godoro limekuwa gumu. Nikamwambia ni unyevu.

Baadaye akaomba nimpe mkeka wake aushike kidogo. Ningefanya nini? Nikampa ule wa kulalia. Akapitisha vidole pembeni, polepole, kutoka kona hadi kona, akitafuta manyoya mekundu ya ukingoni. Akaanza upya. Nilikuwa nasikia kucha zake zikikwaruza.

Hakunigombeza. Aliuliza wafiwa wamenipa nini. Nikasema samaki. Akauliza masanduku mangapi. Nikasema moja.

Akageuza uso. Nimempelekea shelisheli na kakao ya moto. Hajagusa.

Ijumaa, 20 Januari

Bibi amefariki leo saa sita mchana. Hakusema nami tena tangu juzi.

Shangazi zangu walifika kutoka mjini wakainua godoro. Wakainua na kabati. Nami nikainua mito pamoja nao. Hapo Mjomba Pelenato akasimama, akatangaza kwa sauti yake ya misibani kwamba marehemu, kwa ukarimu wake, aliutoa mkeka wake wa mwisho kwa wafiwa wa ng'ambo ya mto. Watu wote wakalia kwa ukarimu huo. Nami nililia.

Amefunikwa shuka la dukani, lenye maua ya bluu. Alilinunua Sieni. Ni mara ya kwanza namwona Sieni hana la kusema.

Jumanne, 24 Januari

Tumemzika jana. Mikeka ilikuja mingi mpaka ikajaa nyumba. Shangazi waligawa, na mmoja, ulio bora kuliko yote, wakaniwekea mapajani. Wakasema ni kwa kuwa nilimtunza Bibi mpaka dakika ya mwisho. Wakanibusu. Nimelia sana, na machozi yalikuwa ya kweli. Ni laini ajabu. Nadhani ni mzuri kuliko wake.

Nimeomba toba kwa mambo yote. Najisikia mwepesi.

Jirani amepita akasema mke wa mchungaji wa kule bandarini amefariki. Mke wa mchungaji! Wale hawatatoa samaki tu. Kosa langu lilikuwa Mjomba, sasa nimelitambua. Safari hii nitahutubia mwenyewe, na kila kitu nitabeba mwenyewe.

Mazishi ni keshokutwa. Nimekwisha kuukunja.