Gesti ya Mzee Rubeni na Picha za Bure

Jumatatu, 2 Juni

Ushindi! Mzee Rubeni amekubali. Posa bado. Amekubali kusikiliza habari za posa, na kwa mzee mgumu kama yule hiyo si hatua, ni safari.

Alinikalisha uani nikapigwa na upepo mpaka masikio yakafa ganzi. Akasema mwanaume huwa na kazi inayoonekana. Mkulima ana shamba, dereva ana lori, hata mwizi ana kitu cha kuonyesha. Mimi nina blogu. Akauliza hiyo blogu inakaa wapi akaione. Nikampa simu. Akaitazama mbele, akaigeuza akaitazama nyuma, akanirudishia.

Basi sharti ni hili. Gesti yake hapa Mpemba, kando ya barabara kuu, imekaa tupu tangu madereva wazoee kulala Tunduma mjini. Nikivijaza vyumba vyote kabla ya Jumapili kuisha, nimtume mshenga. Nikishindwa, binti yake Ikupa atatafutiwa mtu mwenye kazi. Hakutaja jina. Hakuna haja. Ni Brayan! Brayan wa stationari, mwenye printa na mashavu.

Nimeanza mara moja. Tatizo ni picha. Chumba chenyewe kina kitanda, ndoo na kalenda ya mwaka juzi. Nani atasafiri kufuata ndoo? Nimeingia kwenye tovuti ya picha za bure nikapata chumba cha maana: shuka nyeupe, taulo zimekunjwa umbo la bata, dirisha kubwa, na nje ya dirisha bahari. Bahari ilinisumbua kidogo. Nikaandika chini yake: mandhari tulivu. Uongo uko wapi?

Jumanne, 3 Juni

Wageni wamekuja! Wageni wameondoka.

Familia nzima kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Baba, mama, watoto, na boya la kuogelea lililokwisha kujazwa upepo. Yule baba alisalimia kwa adabu, kwa lugha ya kwao, mulishani, kisha akauliza maji yako upande gani. Mzee Rubeni, mtu mkarimu, akawapeleka nyuma akawaonyesha simtanki. Mtoto mdogo alilia. Boya likaondoka lilivyokuja.

Mzee alinitazama kama anavyotazama mahindi yaliyoliwa na panya.

Brayan naye ameandika maoni kwenye blogu yangu, Macho ya Mpakani, mbele ya wasomaji wangu wote. Anaomba aelekezwe ufukwe wa Mpemba uko mtaa gani, amenunua kaptula. Watu wanacheka mpaka kata ya Chapwa. Husuda! Nimemfutia. Ameandika tena.

Ikupa kanipigia simu, amekasirika. Anasema nipige picha ya chumba kilivyo, nitandike shuka, nifungue dirisha, basi. Nikamweleza kwamba sanaa ina kanuni zake. Akasema na uvumilivu wake pia una kanuni. Nampenda sana.

Jumatano, 4 Juni

Nimesoma makala ya mtaalamu wa picha za blogu. Usiku wa giza umekwisha! Kwanza, anasema, weka watu, usiweke vitu vitupu. Pili, picha zote ziwe na rangi za ukoo mmoja, ili msomaji ajue yuko kwako. Kulikuwa na tatu na nne, lakini bando liliisha.

Watu! Kwa nini sikufikiria? Nimeitoa bahari, nimeweka mhudumu wa mapokezi. Mzungu, meno yote nje, vipokea sauti masikioni. Nikaandika: tupo kukuhudumia.

Jioni dereva mmoja wa lori kapaki kwa fujo, kashuka, kachana nywele kwenye kioo cha lori, kaingia akiulizia yule dada. Akatoka Mama Ketrina, mama yake Ikupa, na mwiko mkononi. Dereva alinywea. Akaombwa aketi, akala ugali na maharage, akaomba tena, akachukua chumba. Nilimwacha akiyasifia hayo maharage kwa mtu aliyekuwa akiongea naye kwenye simu.

Chumba kimoja! Ni yule mzungu kafanya kazi. Ikupa anasema ni maharage. Wanawake wanapenda kubishana na sayansi.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimefika kilele cha akili yangu. Naandika polepole ili nisisahau lolote.

Mtaalamu kasema watu. Ikupa kasema vitu vya kweli. Basi nimeunganisha! Nimempiga picha Mzee Rubeni mwenyewe, mwenye nyumba. Ikupa alifurahi, akaniambia kumbe nasikia. Mzee alivaa koti la kanisani na kofia, akaketi kitini mbele ya gesti. Nikamwomba atabasamu. Akasema mtu mzima hachekei simu.

Picha ilitoka vizuri, ila nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo, kuku, na soksi moja. Aibu. Nimemkata Mzee kwa ustadi, nikamhamishia kwenye picha ya bure ya mawingu yenye miale ya jua inayoshuka. Pembeni maua meupe. Halafu ile kanuni ya pili, rangi za ukoo mmoja. Koti la kahawia, mawingu ya buluu, havipatani. Nikatoa rangi zote. Nyeusi na nyeupe tupu! Alipendeza mpaka mimi mwenyewe nikashikwa na heshima.

Nikaandika: Mzee Rubeni wa Mpemba. Mkulima wa kahawa, baba, mtu wa watu. Njooni nyote nyumbani kwake.

Nimeirusha jioni. Haijapata kutokea! Watu wanaisambaza kuliko habari yoyote niliyowahi kuandika. Kila mmoja anaweka mikono ya maombi. Sikujua kama wasomaji wangu ni wacha Mungu kiasi hiki. Hata Brayan ameandika kwamba hana maneno. Hatimaye!

Jumamosi, 7 Juni

Mungu wangu.

Nilifika gesti asubuhi nikakuta umati. Nikaruka kwa furaha. Wageni! Kisha nikaona kuni. Kina mama wa kanisani wanashusha mizigo ya kuni, wengine unga, wengine maharage. Vijana wanafunga turubai. Wazee wa Mlowo wameketi na makoti, wanainamisha vichwa. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo hata mtoto wa hapa kwetu analijua: picha ya mtu ikirushwa bila rangi, mtu huyo hayupo tena. Na mimi nilimwekea na mawingu!

Nikajificha nyuma ya simtanki.

Mzee mwenyewe alikuwa ametoka alfajiri kwenda shambani kwake, huko Mlowo, kuchuma kahawa. Simu haikupatikana. Mama Ketrina aliwaambia waombolezaji mumewe mzima, amemfungia mwenyewe viazi vya njiani. Wakamkumbatia wakisema maskini, uchungu umemvuruga akili. Wakaendelea kumwambia hivyo mpaka naye akaanza kuogopa. Aliingia jikoni akajifungia. Ikupa alikuwa ananitafuta. Alikuwa ameshika ukuni mmoja.

Brayan alikuja na picha ileile, ameichapa kubwa, ameitia fremu. Alilia kuliko ndugu. Alilia huku akiangalia kama Ikupa anamwona.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka Nakonde, anatembea kwa shida, analia bila kujificha. Watu wakampisha. Ni Yesaya, kaka yake Mzee Rubeni. Waligombania mpaka wa shamba zamani, hawakusemeshana tena, hata kwenye harusi za ukoo walikaa pande mbili. Alisimama mbele ya ile fremu akasema amechelewa. Nikiwa nyuma ya simtanki nililia na mimi. Sikupanga kulia.

Na hapo ndipo Mzee Rubeni alipotokea na kikapu chake. Akaliona turubai. Akawaona kina mama. Yeye akaelewa kwamba aliyekufa ni mke wake. Kikapu chini, kahawa ikamwagika, akapiga yowe la Ketrina wangu ambalo nadhani limesikika Zambia. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama Ketrina huyo, na mfuniko wa sufuria mkononi. Wakatazamana. Wakakimbiliana wakakumbatiana mbele ya kanisa zima, wao ambao hata kushikana mikono hawajawahi kuonekana.

Nusu ya watu walikimbia. Mwanakwaya mmoja alifika Chapwa ndipo akasimama. Waliobaki walianza kucheka, na kicheko kikawashinda wote. Yesaya alimgusa mdogo wake usoni, akamgusa tena. Hakuna aliyetaja shamba.

Chakula kilikuwa kimeshapikwa. Kikaliwa. Wa mbali hawakuweza kurudi, wakalala gesti. Vyumba vyote! Mwenye fremu alirudi nayo.

Mimi bado niko mafichoni.

Jumapili, 8 Juni

Niliitwa baada ya ibada. Nilivaa suruali mbili kwa tahadhari, ikiwa kutakuwa na fimbo.

Nilianza na shikamoo, nikaendelea na shikamoo, nikamaliza na shikamoo. Mzee Rubeni akanyanyua mkono ninyamaze. Akasema watu wengi hufa bila kujua nani atawalilia. Yeye amejua, na ameonja hata maharage ya msiba wake, yalihitaji chumvi. Kaka yake yuko ndani, anakunywa chai, hataki kuondoka. Kisha akasema alitaka vyumba vijae kabla ya Jumapili kuisha, na vilijaa. Hakusema vijae vipi. Neno ni neno. Nimtume mshenga.

Nilitaka kupiga magoti. Suruali mbili zilikataa.

Mama Ketrina akaongeza lake: picha ile itoke leo hii. Ikupa hakusubiri, akapiga mpya kwa simu yake. Mzee na Yesaya mbele ya gesti, wanacheka mpaka ufizi, kuku wamejaa, kamba ya nguo, na ile soksi. Rangi zote ziko. Akaandika: mwenye nyumba mzima, maharage yapo. Kabla ya jioni madereva wawili walikuwa wamepiga simu kuulizia vyumba, na mmoja kuulizia kuku. Ikupa akaniuliza kama nimejifunza kitu.

Nikamwambia nimejifunza sana. Na ni kweli!

Jumatatu, 9 Juni

Nimejifunza hivi: picha bila rangi, kamwe! Hilo ndilo lilikuwa kosa, na halitarudiwa. Mengine yote yalikuwa sawasawa.

Leo nimemtuma mjomba Justine na barua ya posa. Imepokelewa. Imepokelewa! Nimecheza peke yangu chumbani mpaka jirani kagonga ukuta. Jambo kama hili haliwezi kukaa kimya, lazima blogu ijue.

Ikupa kanipa picha yake kwa sharti kwamba nisiichezee. Sijaichezea. Rangi zote nimeziacha, hata hereni zinang'aa. Nimeongeza mapambo tu. Kwenye ile tovuti ya picha za bure nimefungua sehemu ya mapenzi, nikapata mshumaa mmoja unaowaka vizuri, na shada la maua meupe. Ikupa katikati, mshumaa chini, shada juu. Nikaandika kutoka moyoni: Ikupa wetu, binti wa Mzee Rubeni. Daima moyoni mwetu.

Nimeirusha sasa hivi. Watu wameguswa mno! Mikono ya maombi inamiminika kuliko ya Ijumaa. Brayan ameandika kwamba safari hii haamini kabisa. Wivu wake sasa unatia huruma.

Ninapoandika haya, kina mama wa kanisani wanapita dirishani kwangu kwa haraka, kuni vichwani, wanaelekea kwa Mzee Rubeni. Habari imefika upesi hivi! Posa haijamaliza hata siku moja, tayari wanakwenda kupika. Watu wa Mpemba wana moyo.